Fundi aliahidi yuniti 30 kwa siku, mtambo wa upepo unanipa tatu. Tumekosea wapi?

#1 Mgosi wa Ukingoni
Habari za leo wakuu. Uzi mrefu kidogo, mnivumilie.

Nina nyumba ya wageni ya vyumba sita upande wa Mtae, Lushoto, ukingoni kabisa. Ukikaa barazani unaiona tambarare ya Mkomazi yote iko chini ya miguu yako. Umeme wa gridi upo ila unakatika, na mvua zikishika ndiyo usahau. Mwezi wa saba alikuja fundi kutoka mjini na kipima upepo cha mkononi, kile chenye kifeni kidogo. Saa tisa alasiri akasimama juu ya jiwe pale ukingoni, akanyoosha mkono: mita 7 kwa sekunde. Akapiga hesabu mbele yangu nyuma ya risiti. Mtambo wa kilowati 3 unafika kileleni upepo ukiwa mita 12, kwa hiyo 7 gawa kwa 12, mara 3, ni kilowati 1.75, mara saa 24, yuniti 42. "Tutoe hasara za hapa na pale mzee, weka 30."

Nikauza ng'ombe wawili. Mtambo ukasimama tarehe 28 mwezi wa nane, nguzo ya mita 9, hatua nne kutoka kwenye ukingo. Leo ni siku ya 81 na mita inasoma yuniti 275. Yaani 3.4 kwa siku. Fundi simu anapokea, sitaki kumsema vibaya, ila jibu lake ni moja tu: mlimani hewa nyepesi. Ni kweli?

#2 Kaptula la Kaki
Nimevuta kigoda nasubiri wataalamu. Ila mgosi, ng'ombe wawili kwa ajili ya feni!

#3 Mzee wa Hesabu
Kosa la kwanza liko kwenye hiyo risiti, wala huhitaji kupanda mlima kuliona. Nguvu ya upepo haipandi sawasawa na kasi, inapanda kwa kipeo cha tatu. Kasi ikiwa mara mbili, nguvu inakuwa mara nane. Chukua 7 gawa kwa 12, unapata 0.58. Zidisha 0.58 mara 0.58 mara 0.58, inabaki 0.2. Kilowati 3 mara 0.2 ni wati 600 hivi, kwa saa 24 ni yuniti 14. Basi 42 yako imeshakuwa 14 na hatujatoka mezani.

Sasa hewa. Mitambo hii inapimwa kwa hewa ya usawa wa bahari, kilo 1.225 kwa kila mita ya ujazo. Huko kwenu kama ni mita 1,600 na baridi ya nyuzi 18, hewa ni kilo 1 hivi. Punguza asilimia 18, unabaki na yuniti 11 na ushei. Kwa hiyo fundi hajadanganya kuhusu hewa nyepesi, ila hewa nyepesi inakula yuniti mbili na nusu, haili 26. Nipe urefu wa panga moja.

#4 Mgosi wa Ukingoni
Ahsante mzee. Panga ni mita 1.6, yako matatu. Simu inasoma mwinuko mita 1,600 na kidogo, kwa hiyo umepatia.

#5 Mzee wa Hesabu
Duara lako ni mita za mraba 8. Upepo wa mita 12 wa usawa wa bahari ukipita hapo una kilowati 8.5. Mjerumani Albert Betz alishaonyesha zaidi ya miaka mia iliyopita kwamba hakuna mtambo utakaochota zaidi ya asilimia 59 ya nguvu hiyo, maana ukiuzuia upepo wote unasimama na mwingine hauingii. Muuzaji anadai 3 kati ya 8.5, asilimia 35. Mtambo mdogo kufika hapo ni kwa kujitahidi sana, ila si uongo wa wazi.

Tugeuze hesabu sasa. Yuniti 3.4 kwa siku ni wastani wa wati 140. Ukirudi nyuma kutoka hapo, mtambo ukichota robo, wastani wa upepo wako unakuja mita 4.2 hivi. Si 7. Kwa maoni yangu kesi imekwisha: mtambo mzima, upepo ndio mdogo.

#6 TegaSikio
Mzee nakuheshimu ila hapo kwenye 14 umeteleza. Kipeo cha tatu cha wastani si sawa na wastani wa vipeo vya tatu. Upepo ukiwa mita 4 nusu ya siku na mita 10 nusu nyingine, wastani ni 7. Lakini 64 na 1,000 wastani wake ni 532, wakati 7 kwa kipeo cha tatu ni 343. Yaani nguvu iko zaidi kwa nusu nzima kuliko ulivyomhesabia. Kwa hiyo kama kweli pale pana wastani wa 7, mgosi anadhulumiwa zaidi ya unavyosema.

#7 Mzee wa Hesabu
Umenishika kwenye 14, nakubali. Kwenye 4.2 hujanishika, pale nilishazidisha kwa 1.9 kufidia huko kupanda na kushuka kwa upepo, kama wafanyavyo watu wa upepo wanapokuwa na wastani peke yake.

#8 Nahodha Mstaafu
Mnapiga hesabu kama mnauza karanga, hamjamuuliza mgosi mwezi. Amepima mwezi wa saba, Kusi, upepo wa kusini mashariki, imeshika barabara. Mita yake imeanza kuhesabu mwisho wa mwezi wa nane, Kusi inaishiwa, akaingia maleleji, kipindi cha upepo kutulia, mwezi wa kumi na huu wa kumi na moja. Sisi Pangani wakati wa maleleji tanga linaning'inia kama kanga kwenye kamba. Subiri Kaskazi ya Desemba mpaka Machi ndipo ulalamike. Mtu hanunui jahazi kwa kuangalia bahari siku moja.

#9 Kaptula la Kaki
Kumbe upepo wa Tanga nao waja leo waondoka leo 😂

#10 binti_Soni
Nahodha shikamoo. Nina swali kwa mwenye uzi: fundi alipima saa tisa alasiri, je, usiku hali ikoje? Mimi nimekulia huku juu. Mchana jua linachoma tambarare, hewa ya moto inapanda ukuta wa mlima, ukisimama ukingoni inakupiga usoni mpaka kilemba kinatoka. Jua likizama inakatika kama imezimwa na swichi. Usiku baridi inateremka mabondeni polepole, haipiti kwenye ukingo wako kabisa. Wazungu wa kupiga picha hupanda saa tisa saa kumi, ndiyo maana wote wanaandika kwamba kuna upepo sana.

#11 Mgosi wa Ukingoni
Dada umenena. Usiku kweli panga zinalala, nasikia vyura tu. Asubuhi mpaka saa nne kuna ukungu na kimya. Mchana ndiyo linavuma, tena kwa kelele. Ila hapo ndipo ninaposhangaa: hata mchana upepo ukiwa mkali mtambo hautulii. Mkia unarusharusha kama ng'ombe anafukuza nzi, kichwa kinageuka kusini, kaskazini, kusini. Mita ya wati inapanda 900 inashuka 60 ndani ya sekunde kumi.

#12 Fundi Nyaya
Mkuu, kutoka kwenye nguzo mpaka kwenye betri ni mita ngapi, waya saizi gani, volti ngapi? Nimeona mifumo mingi, watu wanalaumu upepo kumbe waya.

#13 Mgosi wa Ukingoni
Mita 60. Waya wa milimita 10. Betri za volti 48.

#14 Fundi Nyaya
Basi tumeshamkamata mwizi. Kilowati 3 kwenye volti 48 ni ampea 62. Waya wako kwenda na kurudi ni mita 120, ukinzani wake omu 0.21. Hasara hapo ni wati 800! Zaidi ya robo ya umeme inapasha moto ardhi.

#15 TegaSikio
Fundi, mtambo wake haujawahi kufika kilowati 3 hata siku moja. Kwenye wati 500 mkondo ni ampea 10, hasara wati 21. Mwizi wako ameiba mahindi mawili shamba zima limebaki.

#16 Fundi Nyaya
Sawa, lakini betri je? Msimu huu wageni wachache. Zikijaa saa nane mchana, kontrola, kile kifaa kinacholinda betri, inamwaga umeme kwenye hita au inafunga breki, na mita haihesabu. Mgosi, ukiona panga zinazunguka kivivu upepo ukiwa mkali, hapo ni breki.

#17 Mgosi wa Ukingoni
Siku zisizo na wageni betri zinajaa, siwezi kubisha. Mwezi wa kumi nadhani zilijaa siku nane hivi. Lakini siku nane kati ya 81...

#18 Mlingoti60
Nimeusoma uzi wote. Nilifanya kazi ya kupima upepo kanda ya kati miaka kadhaa, mlingoti wa mita 60, kwa hiyo naomba niseme taratibu.

Kwanza, kipimo kimoja cha mkononi si kipimo, ni salamu. Kazi yenyewe inataka mwaka mzima kwa uchache, vipima vya vikombe kwenye kimo zaidi ya kimoja, vimekaguliwa kwenye handaki la upepo, kila dakika kumi wastani unaandikwa pamoja na mwelekeo. Halafu mwaka wako unalinganishwa na kumbukumbu za miaka mingi za eneo jirani, maana mwaka uliopima unaweza kuwa wa neema au wa njaa. Ukikosea kasi kwa asilimia 10, umekosea umeme kwa 33. Na hata ukifanya yote hayo, kuna watu. Sisi nyaya za kushikilia mlingoti zilikatwa usiku, mtu akaenda kufungia mbuzi. Mlingoti ukainama, miezi miwili ya data ikaenda na maji.

Pili, na hili ndilo hasa: hatua nne kutoka ukingoni. Nani alichagua pale?

#19 Mgosi wa Ukingoni
Fundi. Alisema pale ndipo upepo unapopanda.

#20 Mlingoti60
Upepo unapanda, ndiyo. Ukifika kwenye kona kali ya jabali hauwezi kukunja mara moja ukafuata ardhi. Unaruka juu, na nyuma ya kona kunabaki kimfuko cha hewa inayozunguka. Ukiwa na mtambo wa mita 9 humo ndani, upepo mzuri unapita juu ya kichwa chake na yeye anapigwa makofi kutoka kila upande. Ule mkia unaofukuza nzi ndio ushahidi. Panga zinataka upepo ulionyooka. Zikigeuzwa kila mara hazichoti, na beringi zinakufa mapema.

Jaribu kitu cha bei ya soda. Tafuta mwanzi mrefu, mita sita au saba, funga tepe nyepesi za nailoni kila mita moja na nusu. Usimamishe pale saa tisa alasiri kisha tazama kila utepe unaelekea wapi. Halafu rudi hatua ishirini ndani, tazama tena.

#21 Bwana Plamu
Mi nasema dawa ni kunyanyua nguzo tu. Kanuni inajulikana: ukitoka mita 10 kwenda 20 kasi inaongezeka asilimia 10, na kwa kipeo cha tatu umeme unaongezeka 35. Mgosi ongeza bomba la mita 9, maliza kazi.

#22 Mlingoti60
Hiyo ni kanuni ya tambarare mkuu, ya Handeni huko. Juu ya kilele au mgongo wa mlima hewa inabanwa na kukimbia zaidi karibu na ardhi. Kuna mahali ukipanda kutoka mita 10 hadi 30 kasi haiongezeki kabisa, na kuna mahali inapungua. Ndiyo maana hata programu za kompyuta zilizotengenezwa na Wadenmark kwa ajili ya ardhi ya mawimbi laini zinatoa namba za ajabu ukizipeleka kwenye mwinamo unaozidi nyuzi 17 hivi, maana hapo hewa inaachana na ardhi. Miaka ya 1982 na 1983 watafiti walijaza milingoti kwenye kilima kimoja Uskoti, Askervein, chenye kimo cha mita 116 tu, kilima laini cha nyasi, na mpaka leo upande wa nyuma wa kilima kile ndio unaowasumbua wanaotengeneza hizo programu. Sasa ninyi mna ukuta wa mita mia kadhaa.

#23 Bwana Plamu
Kwa hiyo nguzo ndefu inasaidia au haisaidii? Jibu moja.

#24 Mlingoti60
Inasaidia kama inamtoa kwenye kimfuko. Haisaidii kwa sababu ya kanuni yako.

#25 Kaptula la Kaki
Hilo ni majibu mawili 😂

#26 Nahodha Mstaafu
Mlingoti, umesahau upande. Kusi inatoka kusini mashariki, inavuka Usambara yote ndiyo imfikie huyu. Ukingo wake unatazama Mkomazi, kwa hiyo Kusi kwake inatoka mgongoni, mlima wote umekaa kati. Yuko kivulini. Baharini tunajua, ukipita nyuma ya kisiwa tanga linakufa. Huyo alipaswa kuweka mtambo upande unaotazama bahari.

#27 binti_Soni
Nahodha, lakini huo upepo wa saa tisa haukutoka mgongoni, ulimpiga fundi usoni. Hauko kwenye Kusi wala Kaskazi yako, ni wa jua. Hata maleleji unakuwepo, tena zaidi kwa sababu jua linawaka.

#28 Nahodha Mstaafu
Binti, jua haliwezi kushindana na Kusi.

#29 binti_Soni
Njoo Mtae ulale siku mbili. Mwenye uzi ana vyumba.

#30 Mwana Korogwe
Samahani natoka nje ya mada kidogo. Kama mlimani pana upepo, mbona serikali haijajaza mitambo Usambara kama Wakenya walivyojaza Turkana mitambo 300? Sisi tumekaa na maji tu, Hale, Pangani, na sasa Bwawa la Nyerere.

#31 TegaSikio
Turkana ni mitambo 365, kila mmoja kilowati 850, jumla megawati 310. Na haiko juu ya mlima! Iko jangwani kati ya mlima Kulal na Nyiru, upepo unabanwa kwenye uwazi kati ya nyanda za juu za Ethiopia na za Kenya, kama maji kwenye mdomo wa mpira ukiuziba kwa kidole. Ukitaka mfano wa mlimani taja Ngong, walianza na mitambo miwili mwaka 1993 na sasa ni megawati 25.5. Na kwetu ipo, Mwenga kule Mufindi, mitambo mitatu, megawati 2.4, tangu 2020.

#32 Mwana Korogwe
Ahsante kwa darasa. Basi tulete hizo Lushoto.

#33 Dereva wa Mombo
Utaileta na nini? Ile barabara ya Mombo kwenda Soni mimi naipanda na fuso ya kabichi kila Jumanne, kuna kona unaona namba ya gari yako mwenyewe. Panga la mtambo wa kilowati 850 lina mita 25 kipande kimoja. Labda lipande kwa kutambaa.

#34 mama Kabichi
Na ndege wetu je? Msitu wa Magamba watu wanatoka Ulaya kuja kuangalia ndege. Wenzenu wanapima popo na tai kabla hata ya kupima upepo.

#35 Mzee wa Hesabu
Turudi kwa mgosi jamani. Kama Mlingoti yuko sahihi kuhusu kimfuko, wastani wangu wa 4.2 ni wa ndani ya kimfuko, wala si wa eneo. Maana yake huenda hatua ishirini nyuma kuna 5 au 6. Kutoka 4.2 kwenda 5.5 umeme unazidi mara mbili. Lakini kama binti yuko sahihi, kuna saa sita tu za upepo kwa siku na hata ukihamisha nguzo utapata yuniti sita au saba, thelathini usiote. Na kama Nahodha yuko sahihi, tunabishana bure mpaka Januari.

#36 Babu wa Mlalo
Sisi zamani hatukuwa na vipimo. Tulikuwa tunatazama miti. Mti uliopigwa na upepo mwaka hadi mwaka unainama na matawi yake yote yanaelekea upande mmoja, upande wa upepo unakuwa mtupu. Mgosi, pale kwako miti imekaaje?

#37 Mgosi wa Ukingoni
Babu shikamoo. Nimetoka nje sasa hivi kuangalia. Mikaratusi ya ukingoni imesimama wima kabisa. Ila kuna mkangazi mmoja nyuma ya jiko, hatua kama hamsini juu kwenye mgongo wa kilima, umeinama kuelekea kaskazini magharibi, yaani kuelekea ukingoni.

#38 Nahodha Mstaafu
Umeinamishwa na Kusi! Si niliwaambia?

#39 Mlingoti60
Au umeinama kutafuta jua. Mti mmoja si ushahidi, Nahodha. Ila hiyo sehemu ya nyuma ya jiko naitaka kwenye mwanzi.

#40 Fundi Nyaya
Ukihamishia huko waya unakuwa mita 110, mjue.

#41 Mgosi wa Ukingoni
Wakuu, leo nimefanya jaribio la mwanzi. Tepe nne, za rangi tofauti, kijana wangu kashika kamba. Saa tisa na dakika ishirini, pale kwenye nguzo.

Utepe wa juu kabisa, mwekundu, umenyooka kama rula, unatoka tambarare kuja kwangu. Wa pili unafanana naye ila unatetemeka. Wa tatu hauna msimamo, mara huku mara kule, mara unajifunga kwenye mwanzi. Kipima upepo nilikiazima, nikasimama juu ya jiwe kama fundi: 7.4. Nikarudi hatua nne mpaka kwenye nguzo, mkono juu: 2.9, 5.1, 1.8, haitulii.

#42 Mzee wa Hesabu
Hatua nne tu! Kumbe alipima mahali pamoja akachimba shimo mahali pengine.

#43 Mlingoti60
Kidogo uende taratibu. Tepe zimefika mita saba, mapanga yako mita tisa na zaidi. Kama utepe wa juu umenyooka kwenye saba, mtambo kwenye tisa ulitakiwa uwe nje ya kimfuko, na hapo nadharia yangu inaanza kuchechemea. Labda kimfuko kinapanda na kushuka kutegemea jua. Utepe wa nne, wa chini kabisa, ulikuwa unaelekea wapi? Kama ulielekea ukingoni, kinyume na wa juu, basi hewa inazunguka kweli.

#44 Fundi Nyaya
Na betri zilikuwa zimejaa au la wakati huo? Maana mtambo uliofungwa breki nao unayumbayumba.

#45 Mgosi wa Ukingoni
Betri sikuangalia, nitaangalia kesho. Utepe wa chini sikuwahi kuuandika. Nilipokwenda kuchukua daftari, mbuzi wa jirani kaula.